BORIS UVAROV: Bingwa aliyewafunza walimwengu kumvizia nzige kabla hajaruka

Mtu asimamaye ufukoni mwa Rumonge alfajiri, wakati mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mikeke inaporejea, huona mbele yake maji ya Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Akigeuka nyuma huona michikichi, mihogo na mpunga wa tambarare ya Imbo, kisha ukuta wa milima unaopanda kuelekea Bururi na nyanda za juu za Mugamba, ambako baridi huiruhusu ngano kustawi. Askari aliyepangiwa lindo mahali hapo huyaelekeza macho yake ziwani na barabarani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba yuko adui mwingine asiyeogopa bunduki wala kuheshimu mpaka, ambaye kambi zake za asili ziko katika mabonde yanayolizunguka ziwa hili hili.

Adui huyo ni nzige mwekundu. Kati ya mwaka 1930 na mwaka 1944 makundi yake, yaliyotoka hasa katika nyika za majimaji zilizo karibu na ncha ya kusini ya Tanganyika, yalienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya ikweta. Mtama, mahindi, mpunga na ngano viliangamia katika nchi moja baada ya nyingine. Tangu mwaka 1944 hayajapata kuenea tena kwa kiasi hicho. Msomaji aweza kudhani kwamba nzige walichoka au walikufa wakaisha. Sivyo. Walizuiwa, na mzizi wa kuzuiwa kwao ni fikra ya mtu mmoja, mwana wa nchi ya mbali, aliyezitumia siku zake nyingi mbele ya meza, ramani na mizoga ya wadudu iliyokaushwa. Jina lake ni Boris Petrovitch Uvarov. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila askari, kwa maana yanahusu kazi ambayo sisi tunaijua vema kuliko raia wengi, yaani kukesha mahali palipo kimya.

MWANA WA NYIKA

Uvarov alizaliwa katika miaka ya 1880 mjini Uralsk, kando ya mto Ural, katika Urusi ya wafalme. Mji huo leo umo katika nchi ya Kazakhstan. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki ya serikali, na Boris alikuwa mdogo wa wana watatu. Nchi aliyokulia ni nyika tupu, yenye nyasi zisizokuwa na mwisho, baridi kali na kiangazi cha moto. Katika nyasi hizo mtoto hana mchezo mwingine uliomjaa tele kama panzi. Wengi huwakamata wakawaachia. Yeye aliwakamata, akawatazama, akawapanga kwa aina zao, na baba yake alimtia moyo kwa kumpa vitabu vya maisha ya wanyama.

Alianza masomo ya juu katika chuo cha madini, lakini moyo wake haukuwa ndani ya mawe. Akahamia Chuo Kikuu cha Saint Petersburg, akahitimu katika elimu ya viumbe mwaka 1910. Maandishi yake ya mwanzo yalihusu panzi wa jimbo alikozaliwa. Kazi ya kwanza aliipata katika mashamba ya pamba ya Asia ya Kati, na huko akaanza kuujua ukweli ambao mkulima wa Rumonge anaujua bila kusomeshwa: kwamba mtu hulima, lakini mdudu naye huvuna.

SIRI YA STAVROPOL

Mwaka 1912 alipelekwa Stavropol, kaskazini ya milima ya Kaukasi, kuongoza ofisi ya wadudu waharibifu. Stavropol ni nchi ya ngano. Mashamba yake huenea kama ziwa la manjano, na mkate wa miji mingi ya Urusi hutegemea mavuno yake. Lakini upande wa mashariki, kwenye matete ya mito inayoelekea Bahari ya Kaspi, nzige walizaliana kwa wingi, na kila baada ya miaka kadhaa walitoka wakaishukia ngano. Kijana Uvarov, ambaye hajatimiza hata miaka 30, alikabidhiwa kuwapiga vita.

Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba katika nchi hiyo kulikuwa na wadudu wawili mbali mbali. Wa kwanza aliitwa Locusta migratoria, nzige wa makundi, mwenye rangi kali tangu utotoni, atembeaye kwa maelfu na kuruka kwa mamilioni. Wa pili aliitwa Locusta danica, panzi mpweke, mwenye rangi ya majani au ya udongo, umbo la kifua chake likiwa tofauti, naye hakumdhuru mtu. Wataalamu walimpiga vita wa kwanza na kumpuuza wa pili.

Uvarov aliona jambo lililomsumbua. Pale ambapo makundi yalikuwa yamepigwa mpaka wakabaki nzige wachache waliotawanyika, kizazi kilichofuata hakikufanana na wazazi wake. Kilifanana na yule panzi mpweke. Tena alipata wadudu waliokuwa katikati, wasioweza kutiwa katika jina hili wala lile. Alichunguza, akapima, akalinganisha. Mtaalamu mwingine, Plotnikov, aliyewafuga wadudu hao huko Turkestan, alipata matokeo ya namna hiyo hiyo: wakilelewa katika msongamano waligeuka kuwa wa makundi, wakilelewa katika nafasi waligeuka kuwa wapweke.

Hitimisho lilikuwa moja tu. Hapakuwa na wadudu wawili. Alikuwako mmoja mwenye sare mbili. Yule panzi mnyonge wa majani, asiyeogopwa na mtu, ndiye nzige yule yule wa makundi akiwa amevaa nguo za kiraia.

MKIMBIZI MWENYE FIKRA

Mwaka 1915 alihamia Tiflis, mji mkuu wa Georgia, ambao leo huitwa Tbilisi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inawaka, na kabla haijaisha yakaja mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Georgia ikajitangazia uhuru. Uvarov alifanya kazi katika jumba la makumbusho na kufundisha chuoni, lakini maisha ya Mrusi katika mji ule yalikuwa ya dhiki. Majeshi ya Waingereza yalikuwamo Kaukasi wakati huo, na miongoni mwao walikuwamo wajuzi wa wadudu waliotambua thamani yake. Kwa njia yao habari zake zilifika London, na mwaka 1920 aliingia Uingereza pamoja na mkewe Anna na mtoto wao wa kiume, akaajiriwa katika ofisi ya dola iliyoshughulika na wadudu.

Hakuwa na mali. Alikuwa na fikra yake tu. Mwaka 1921 aliichapisha katika makala ndefu iliyouchambua upya ukoo wote wa Locusta na kueleza kwa nini nzige huja kwa vipindi. Alisema kwamba nzige wote wa makundi wana hali mbili, ya upweke na ya mkusanyiko, na kwamba kinachowageuza ni msongamano. Mvua ikinyesha vizuri, wapweke huzaana. Nyasi zikianza kukauka na kubaki vipande vipande, hulazimika kukusanyika penye majani machache. Wakisongamana, watoto wao hubadilika rangi, umbo na tabia. Tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, huacha kukimbiana na kuanza kufuatana. Huenda kwa safu. Wakiota mabawa huondoka pamoja, na hapo tena hakuna mkulima awezaye kuwazuia.

Fikra hii yaonekana ndogo, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Maadamu makundi huzaliwa kutokana na wapweke, basi makundi yana mahali pa kuzaliwa. Na maadamu yana mahali pa kuzaliwa, basi mtu aweza kupatafuta mahali hapo, akaweka walinzi, akawapiga adui wakiwa bado mamia kwa ekari, kabla hawajawa mamilioni angani. Kwa karne nyingi wanadamu walimpiga nzige shambani, kwa kelele, moto na matawi. Uvarov aliwaambia waiache vita ya shambani, waende kambini kwake.

CHUMBA CHA RAMANI

Miaka michache baadaye dunia ilimhitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 yalizuka mapigo matatu kwa pamoja. Nzige wa jangwani waliivamia Afrika ya Mashariki, Arabuni na nchi za jirani. Nzige wahamaji wa Afrika walitoka katika mabonde yafurikayo ya mto Niger huko Mali wakaenea bara. Na nzige wekundu walitoka katika nyika za kusini ya Tanganyika. Serikali za kikoloni, ambazo zilitegemea kodi na mazao ya Waafrika, zilishtuka. Mwaka 1929 Uvarov alikabidhiwa kazi ya kukusanya habari zote za nzige na kuzifanyia uchunguzi.

Alianza na watu wachache sana. Miongoni mwao alikuwa Bi Zena Waloff, naye mzaliwa wa Urusi, aliyekuja kuwa bingwa wa kuchora safari za makundi. Mbinu yao ilikuwa nyepesi. Waliomba kila mtawala wa wilaya, afisa wa kilimo, nahodha wa meli na msafiri atume taarifa: amewaona wapi, tarehe gani, wakubwa au wachanga, rangi gani, wanaelekea wapi. Kila taarifa ilitiwa katika ramani. Taarifa moja peke yake haikuwa na maana. Mia moja zilionyesha njia. Elfu kadhaa zilionyesha chanzo. Huo ndio upelelezi kama tuujuavyo sisi: si mtu mmoja kuona yote, bali wengi kuona kidogo kidogo na kutoa ripoti kwa uaminifu.

Mikutano ya mataifa kuhusu nzige ilifanyika Roma mwaka 1931, Paris 1932, London 1934, Cairo 1936 na Brussels 1938. Katika mikutano hiyo Uvarov alishikilia neno moja, kwamba nzige hana uraia. Taifa linalomfukuza kutoka mpaka wake na kumwachia jirani halijashinda lolote.

KAMBI ZILIZO JIRANI ZETU

Hapo ndipo historia yake inapofika katika ziwa letu. Ikiwa fikra yake ilikuwa ya kweli, basi nzige mwekundu naye alikuwa na kambi yake. Wachunguzi walitumwa kuitafuta. Mmoja wao, Michelmore, alifanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na katika Tanganyika. Kazi yao ilionyesha kwamba makundi yalitoka katika nyika chache za nyasi ndefu ambazo hufurika masika na kukauka kiangazi, na ambazo maji yake hayana njia nzuri ya kutokea. Mbili zilizotajwa sana ni Mweru wa Ntipa huko Zambia, na bonde la Ziwa Rukwa huko Tanzania.

Baadaye orodha iliongezeka. Humo imo Iku na Katavi, imo Wembere, zimo nyika za Kafue huko Zambia, na limo bonde la mto Malagarasi. Msomaji wa Rumonge asilipite jina hilo la mwisho upesi. Malagarasi huanzia katika milima ya mpaka wa Burundi na Tanzania, hufuata mpaka huo kwa kitambo, huzunguka ndani ya Tanzania katika mabwawa mapana, kisha hurudi magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Kwa nzige mwenye mabawa na upepo nyuma yake, safari ya kutoka mabwawa yale hadi michikichi ya Nyanza-Lac na Rumonge si safari ya kutisha.

Nzige mwekundu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Hukaa kiangazi chote akiwa mkubwa, amejificha katika nyasi, akingojea. Mvua za kwanza zinapolowesha udongo, majike hutaga mayai ardhini, na tunutu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo mlinzi ana miezi mingi ya kuwahesabu kabla hawajataga. Adui wa namna hii hushindwa na yule mwenye subira.

VITA YA PILI NA JESHI LA NZIGE

Vita Kuu ya Pili ilipofika, chakula kilikuwa silaha. Majeshi yaliyokuwa Misri, Uajemi na Afrika ya Mashariki yalihitaji nafaka, na meli za kuileta kutoka mbali zilikuwa zikizamishwa. Nzige wa jangwani nao wakaanza kuzaana. Ndipo wakuu wa vita walipokubali shauri la Uvarov, na kikosi maalumu cha kupambana na nzige kikaundwa kwa ajili ya Mashariki ya Kati. Malori ya jeshi na askari waliingia Arabuni kwa idhini ya Mfalme Ibn Saud. Warusi walisaidia huko Uajemi. Silaha iliyotumika sana ilikuwa pumba za ngano zilizotiwa sumu ya arseniki na kumwagwa mbele ya safu za tunutu.

Kikosi hicho ndicho kilichomtuma Mwingereza Wilfred Thesiger katika jangwa la kusini mwa Arabuni, liitwalo Rub al-Khali, akiandamana na Mabedui juu ya ngamia katika miaka ya 1946 na 1947, atafute kama nzige huzaliana huko. Watu wengi humkumbuka Thesiger kwa ushujaa wa safari zake. Wachache hukumbuka kwamba alikwenda kwa kazi ya nzige. Jangwa hilo litatajwa tena kabla ya mwisho wa habari hii.

Uvarov mwenyewe hakupewa bunduki. Alibaki London akipokea taarifa na kutuma maonyo. Mwaka 1943 alipata uraia wa Uingereza, na mwaka 1945 ofisi yake ilifanywa kituo kamili cha uchunguzi wa nzige, yeye akiwa mkurugenzi.

LINDO LA ABERCORN

Mji wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, uko Zambia karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Askari wengi wanaujua kwa sababu ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake walipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Lakini mji huo una sifa ya pili. Ndio uliokuwa makao ya huduma ya mataifa ya kumzuia nzige mwekundu. Kazi ilianza wakati wa vita, na mtaalamu wa Kibelgiji, Bredo, alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Tarehe 22 Februari 1949 mkataba wa kudumu ulitiwa saini mjini London. Ubelgiji, iliyotawala Kongo na Ruanda-Urundi wakati huo, ilikuwamo, pamoja na Uingereza na Afrika ya Kusini.

Kazi ya Abercorn haikuwa na fahari. Wapelelezi wa nzige, wengi wao Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye majalada ya vitabu, walikatiza nyika za Rukwa na Mweru wa Ntipa kwa miguu na kwa malori, katika tope na mbu, wakiwahesabu nzige waliorushwa na hatua zao. Siku nyingi waliandika tarakimu ndogo. Siku chache waliandika tarakimu kubwa, na hapo dawa ilipelekwa kabla makundi hayajaondoka. Miaka ilipita pasipo pigo. Huo ndio ushindi wao, nao hauna mnara, kwa kuwa hakuna ajengaye mnara wa jambo ambalo halikutokea.

Ni haki pia kusema kwamba silaha za siku zile zilikuwa na madhara. Arseniki iliweza kuua mifugo, na dawa za viwandani zilizofuata zilidumu ardhini kwa muda mrefu na kudhuru ndege na samaki. Kadiri nzige wanavyogunduliwa mapema, ndivyo sumu kidogo inavyotosha. Hilo nalo ni fungu la faida ya ulinzi.

HESHIMA NA MAUTI

Mwaka 1950 Uvarov alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi yenye heshima kubwa Uingereza. Alistaafu ukurugenzi mwaka 1959, na mwaka 1961 mtoto yule wa Uralsk alitunukiwa cheo cha Sir. Hakupumzika. Mwaka 1928 alikuwa ametoa kitabu cha nzige na panzi kilichosomwa kote duniani, na uzeeni akaanza kukiandika upya kwa upana zaidi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Juzuu ya pili ilichapishwa mwaka 1977, baada ya mwandishi wake kuondoka duniani. Alifariki tarehe 18 Machi 1970.

Fikra yake iliendelea kuthibitishwa. Mwaka 2009 wanasayansi wa Uingereza walionyesha kwamba nzige wa jangwani wanaposongamana na kugusana, kemikali iitwayo serotonini huongezeka katika mishipa yao ya fahamu, na mpweke hugeuka kuwa wa kundi kwa muda wa saa chache tu. Mwaka huo huo makundi ya nzige wekundu yalipigwa huko Iku na Katavi, Rukwa na Malagarasi, kwa kutumia dawa ya ukungu ambao huua nzige na kuwaacha viumbe wengine salama. Nchi za jirani ziliepushwa na msiba, na wakulima wengi hawakupata hata kuusikia.

LINDO LILILOACHWA WAZI

Sasa turudi kwenye lile jangwa la Thesiger. Mwaka 2018 tufani mbili, ya Mei na ya Oktoba, zilimwaga mvua kubwa katika Rub al-Khali. Majani yakaota mahali ambapo hakuna mtu. Nzige wa jangwani walizaa vizazi vitatu mfululizo pasipo kuonekana na mlinzi yeyote. Mapema mwaka 2019 makundi yalitoka. Yemen ilikuwa vitani, na ulinzi huko ulikuwa umedhoofika. Mwishoni mwa mwaka huo nzige walikuwa Ethiopia, Somalia na Kenya. Kenya haikuwa imeona pigo kama hilo kwa miaka 70. Februari 2020 walifika Uganda, na askari wa UPDF walipelekwa Karamoja na mabomba ya dawa mgongoni. Mwezi huo huo kikundi kidogo kilionekana Kongo, upande wa Ziwa Albert, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1944.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hueleza kwamba kundi dogo la nzige wa jangwani, lenye ukubwa wa kilometa moja ya mraba, huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Mabilioni ya fedha za Kenya na Ethiopia yasingehitajika kama mtu mmoja mwenye kalamu angesimama katika majani yale ya jangwani kwa wakati wake. Uvarov alikuwa amekwisha kufa kwa nusu karne, na bado dunia ililipa gharama ya kusahau somo lake.

ASKARI NA SHAMBA LA JIRANI

Ndugu askari na polisi, mtauliza yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu sisi ndio tunaopita mahali ambapo raia hapiti. Doria ya mpakani hukata nyasi za bonde la Malagarasi. Lindo la ufukoni huona mabwawa na matete. Gari la polisi hupanda kutoka Rumonge hadi kwenye mashamba ya ngano ya Mugamba. Nzige si adui peke yake. Kutu ya shina la ngano iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, na kupewa jina la Ug99, ilienea Kenya na Ethiopia kisha ikavuka bahari hadi Yemen na Iran, ikichukuliwa na upepo. Kiwavijeshi vamizi, aliyetambuliwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, alishambulia mahindi ya nchi nyingi, Burundi ikiwamo, kabla ya mwaka 2017 kwisha. Wote hao hupigwa kwa kanuni ile ile: kuonekana mapema.

Askari akiona panzi wachanga wengi kupita kawaida, wenye rangi kali, wanaotembea upande mmoja kama safu, asitosheke kushangaa. Akiona mashina ya ngano yana madoa ya rangi ya kutu yanayoacha vumbi kidoleni, asiyapite. Aandike tarehe, mahali, wingi wa kukadiria, rangi, na upande wanaoelekea, kisha ampe habari agronomu wa komine au mkuu wake. Ripoti hiyo yaweza kuwa ya bure mara tisa. Ya kumi yaweza kuokoa mavuno ya wilaya nzima.

Katika chuo cha makadeti kila mmoja wetu alifundishwa kwamba mlinzi hawekwi kwa sababu adui ameonekana, huwekwa ili adui asije bila kuonekana. Boris Uvarov hakupata kuvaa sare ya askari, lakini aliishi kwa kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Mkulima wa Rumonge anayeshusha mawese yake sokoni leo hamjui, wala hana haja ya kumjua. Anachohitaji ni kwamba katika nyika za Malagarasi na Rukwa, mwaka huu na mwaka ujao, mtu awe yuko huko akihesabu nyasini, hata kama hakuna anachokiona.